Maisha 30 na madumu mawili ya maji

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, msidhani nimewasusa. Mhariri alinituma kusini kuandika habari za korosho, na kama mnavyojua, ukitumwa korosho unarudi na vumbi hadi kwenye kope. Habari ya korosho ilishatoka gazetini, na bila shaka kuna mama mahali ameshaifungia vitumbua. Hapa nataka kuandika ile ambayo mhariri hakuniuliza.

Ilianzia Masasi. Nilikuwa nasubiri Noah ya kwenda Newala, ijae, na Noah ya Masasi haijai hata ikijaa. Nikaona heri nitembee. Nyuma ya stendi kuna fundi wa redio, na mlangoni pake kulikuwa na rundo la TV za chogo zilizopangwa kama matofali. Juu ya rundo, katikati ya rimoti zisizo na betri, nikaiona. Deki ya gemu, nyeupe iliyogeuka njano, pedi mbili, kaseti moja, na bunduki ya plastiki ya rangi ya chungwa.

Nilisimama pale kama niliyeona mzimu.

"Hii inapiga kazi?" nikamuuliza.

"Inapiga, ila hakuna anayeitaka. Labda wewe ukaiweke makumbusho."

Akaichomeka kwenye chogo moja iliyokuwa mezani. Muziki ule ukatoka, ule wa kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nikaelekeza bunduki kwenye bata wa kwanza, nikavuta. Bata akaanguka. Fundi akasema elfu kumi na tano. Nikampa bila kuomba apunguze, na nilimwona usoni akijuta kwa nini hakusema thelathini.

Kwa wasionifahamu vizuri: mimi ni mtoto wa mwalimu. Mama alikuwa anafundisha shule ya msingi Masasi, tukikaa chini ya ile milima ya mawe ambayo mgeni akifika lazima aipige picha. Likizo zote tulipelekwa Newala kwa bibi, mzaa mama. Masasi ni joto, Newala ni baridi. Unapanda na gari kutoka chini, masikio yanaziba, na ukifika juu unatafuta sweta. Kwangu mimi, hata hivyo, Newala haikuwa sweta wala bibi. Newala ilikuwa banda la gemu.

Mliokulia Dar au Arusha mtasema gemu ni PlayStation. Sawa, hata Masasi zilifika. Lakini kule Newala mwaka 2006, nikiwa na miaka 9, kilichotawala ni deki ndogo ya Kichina iliyoiga Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Yaani sisi tulikuwa tunashangilia kitu kilichotoka miaka 14 kabla sijazaliwa, na kwetu kilikuwa kipya kabisa. Hakuna aliyetuambia kimezeeka.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati. Mlangoni shuka jeusi, ili mwanga usiingie, na ili wasiolipa wasichungulie. Ndani TV ya chogo ya inchi 14 juu ya kreti za soda, mabenchi mawili ya mbao, na nyuma kajenereta kanakokohoa. Harufu ilikuwa ya petroli na jasho la watoto thelathini. Bei shilingi 50. Ukifa, unampisha mwenzio. Kama huna hela, unakaa chini kwenye mchanga na kuwa mshauri: "Ruka! Ruka! Si nilikwambia uruke!" Siku hizi nawaona wachambuzi wa mpira kwenye TV, nasema hawa wamepita bandani.

Kaseti iliandikwa kwamba ina michezo 9999. Jamani! Siku moja mwenye banda akiwa ameenda kununua petroli, tuliamua kuihesabu. Haikufika arobaini. Iliyobaki ilikuwa ni ile ile, imebadilishwa jina au rangi ya anga. Nadhani ndipo nilipoanza kazi hii ninayoifanya. Mpaka leo mheshimiwa akisimama jukwaani akataja namba kubwa, naiona ile kaseti.

Nikiwa chuo nilikaa siku moja maktaba nikasoma asili ya haya mambo, badala ya kusoma nilichotumwa. Kumbe gemu za kufyatua risasi zilishika dunia mwaka 1978, kupitia Space Invaders, iliyobuniwa na Mjapani Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito. Kabati kama friji, unatumbukiza sarafu, unasimama, unawapiga wavamizi wanaoshuka kutoka juu kwa mistari. Kuna jambo moja lilinifurahisha. Nishikado aligundua kwamba kadiri wavamizi wanavyopungua, kompyuta inakuwa na kazi ndogo ya kuwachora, kwa hiyo waliobaki wanakwenda kasi zaidi. Haikuwa imepangwa hivyo. Akaiacha. Udhaifu wa mashine ukawa ndio utamu wa mchezo.

Mwaka ule ule, Oktoba 1978, sisi tulivamiwa kweli, Kagera, na majeshi ya Idi Amin. Wenzetu wanatumbukiza sarafu kupigana na wavamizi wa kuchorwa, babu zetu wanapanda malori kwenda kupigana na wa kweli. Na hata tungekuwa na amani, tungechezea wapi? Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara tulisubiri hadi miaka ya 1990 kupata kituo. Kwa hiyo zama za yale makabati zilitupita juu kwa juu, kama ndege. Sisi tuliokota manyoya. Kutoka kwenye makabati gemu zikashuka kwenye deki za nyumbani, kutoka deki za nyumbani zikaigwa, na nakala ya nakala ikapanda Noah hadi Newala, ambako tuliirudisha tena ilikotoka: mahali pa hadhara, sarafu mkononi, foleni nyuma yako.

Inasimuliwa kwamba Space Invaders ilifanya sarafu za yeni 100 ziadimike Japani. Waliochunguza baadaye walisema ni chumvi. Kwa upande wa Newala mimi ni shahidi: muuza duka jirani na banda hakuwa na chenji ya hamsini hamsini mchana kutwa, zote zilikuwa kwenye kopo la mwenye banda.

Na katika zote, mfalme alikuwa Contra.

Contra ilitoka kwa Konami mwaka 1987 kama mashine ya sarafu, mwaka uliofuata ikaja ya nyumbani. Wanajeshi wawili vifua wazi, mmoja suruali ya bluu, mwingine nyekundu, wanakimbia msituni wakifyatua. Maisha matatu tu. Risasi moja ikikugusa umekwenda. Ilikuwa ngumu kama kesi ya shamba. Ndipo kaka mmoja aliyetoka Mtwara mjini akatuletea siri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Unapata maisha 30. Tuliisoma siri ile kwa kunong'ona, na nakuhakikishia kuna watu bandani hawakujua jedwali la saba lakini siri ile waliijua usingizini. Baadaye nilisoma kwamba ilitungwa na mfanyakazi wa Konami, Kazuhisa Hashimoto. Mwaka 1986 alikuwa anatengeneza Gradius ya nyumbani, ikawa ngumu hata kwake yeye mwenyewe kuijaribu, akajiwekea njia ya panya. Hashimoto alifariki Februari 2020. Siku ile nilitamani kuandika tanzia yake gazetini, mhariri akaniuliza kama nina akili timamu.

Mambo mawili kuhusu Contra naomba uyashike, nitayarudia. La kwanza: mkicheza wawili, wewe ukimaliza maisha yako unaweza kubonyeza ukachukua la mwenzio. Humwombi. Unachukua. La pili: hatua ya tatu ni maporomoko ya maji. Hapo mnapanda. Kioo kinamfuata aliye juu. Ukiwa na haraka ukapanda peke yako, mwenzio aliye chini anamezwa na ukingo wa kioo, anakufa, na wala hakuna adui aliyemgusa. Umemuua wewe, kwa kupanda.

Sasa tuzungumze maji.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ukingoni, unaona ardhi imekatika ghafla, bonde chini, Ruvuma kwa mbali, na Msumbiji ng'ambo. Pazuri mno. Lakini uzuri ule ndio shida yenyewe. Mvua ikinyesha juu, mchanga unainywa yote, na maji yanakuja kuonekana huko chini mabondeni. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka chini kupandishwa juu. Pampu ikiugua, mji mzima unaugua. Na pampu zina desturi ya kuugua. Hapo ndipo dumu la lita 20 linapata bei, na asiye na bei anateremka mwenyewe na ndoo.

Juni 2006, likizo, bomba lilikuwa halijatoa siku ya nne. Bibi alikuwa na homa. Akanipa shilingi mia tano, ile noti, nikanunue madumu mawili kwa muuzaji wa baiskeli. Sikumkuta pale anapokaaga. Wakaniambia atarudi baada ya muda mfupi. Banda la gemu lilikuwa hatua ishirini kutoka pale.

Mnaona inakoelekea.

Nilisema nitacheza ya hamsini tu, kwa sababu bibi hawezi kujua dumu limepanda bei au la. Kisha nikasema ya hamsini nyingine. Siku ile, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilivuka maporomoko. Nilisimama juu ya benchi. Watoto thelathini walikuwa wananishangilia jina. Sijawahi kupata tena kelele kama ile, hata siku niliyovaa joho Mlimani.

Nilipotoka jua lilikuwa linazama na mfukoni nilikuwa na shilingi 100. Nikaitupa kichakani. Nilifika nyumbani nikilia, nikasema noti imeanguka mchangani nimeitafuta hadi nimechoka. Hiyo ndiyo habari ya kwanza ya uongo niliyowahi kuripoti, na ilikubaliwa bila kuhaririwa.

Nyumbani hakukuwa na mtu wa kuikataa. Wote walikuwa wanakimbia. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, wakati huo ana miaka 13 na yuko darasa la saba, alikuwa ameona nachelewa, akachukua ndoo akateremka bondeni mwenyewe. Wakati wa kupanda akateleza. Mkono wa kulia ulivunjika karibu na kiwiko. Walimpandisha kwa mgongo.

Mkono ulipona, lakini haukunyooka. Hadi leo akiuinua unafika mahali unagoma. Septemba ile alifanya mtihani wa darasa la saba huku akiandika kwa shida. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Sisemi ni kwa sababu ya mkono. Wengi walifanya mtihani na mikono mizima na hawakuchaguliwa. Ninachosema ni kwamba ile hesabu sikuwahi kuifanya, kwa sababu niliogopa jibu.

Yeye akaenda kujifunza cherehani. Mimi nikaenda sekondari, kidato cha tano na sita, chuo. Boom lilipochelewa mwaka wa kwanza nikawa nashindia chai, aliyenitumia elfu ishirini alikuwa yeye. Niliitoa kwa wakala, nikala chipsi kuku, na ile habari ya noti na mchanga ikabaki palepale kooni.

Miaka 19 hii nimekuwa nikiwasimulia watu habari za banda la gemu. Nawasimulia Contra, nawasimulia kaseti ya 9999, watu wanacheka. Kila mara nasimamia pale ninapopanda juu ya benchi.

Tuendelee na safari. Noah ikajaa, tukapanda uwandani, na kabla ya kwenda kwa dada nilipita kwanza lilipokuwa banda. Mabati hayapo. Kuna fremu ya matofali, duka la vinywaji, na ukutani imesimamishwa mashine ya dubwi. Mnazifahamu. Taa nyekundu, taa ya bluu, unatumbukiza sarafu ya mia mbili, picha zinazunguka, hela imeliwa. Kijana mmoja alikuwa amesimama mbele yake kama tulivyokuwa tunasimama sisi, macho yale yale. Nilimwangalia akitumbukiza mara sita. Mara ya nne ilimrudishia kidogo, ya tano na ya sita ikakichukua tena.

Nilianza kutunga kichwani insha ya hasira. Kwamba gemu yetu ilikula hamsini lakini ilikufundisha. Ukifa mara kumi kwenye daraja lile lile, ya kumi na moja unajua wapi pa kuruka. Dubwi halikufundishi kitu, unaweza kulicheza miaka kumi ukabaki mwanafunzi wa siku ya kwanza. Bado naamini hivyo. Lakini nilipofika katikati ya insha nikakumbuka kwamba mahali hapa hapa, mtoto wa miaka 9 aliliwa hela ya maji ya bibi yake na mashine aliyoipenda. Nikaifunga insha, nikaenda kwa dada.

Nilimkuta kibarazani kwake, cherehani mbele, sare za shule zimepangwa pembeni. Mwanawe wa miaka 10 akaniona na lile boksi akanirukia: "Mjomba, umeleta nini?" Tukaingia ndani, nikachomeka waya nyuma ya TV yao ya flati. Deki ikawaka. Nikampa bunduki, nikamwekea bata.

Akapiga. Akakosa. Akapiga tena. Akasogea hadi bunduki ikagusa kioo. Akakosa. Mbwa wa gemu akainuka kutoka kwenye majani akamcheka, kama alivyotucheka sisi.

"Mjomba, hii bunduki mbovu."

Bunduki si mbovu, ndugu zangu, nilishaijaribu kwa fundi. Siri yake ni kwamba haitoi kitu. Inapokea. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, halafu pale alipo bata kinatokea kiboksi cheupe. Mdomoni mwa bunduki kuna jicho linalotazama: je, naona mwanga? Likiuona kwa wakati ule ule, bata kafa. Mpango mzima umepimwa kwa jinsi TV ya chogo inavyochora picha. Hizi za flati zinaichelewesha picha kidogo kabla ya kuionyesha, na huko kuchelewa kunatosha. Jicho linafumbuka, mwanga haujafika. Unalenga sawasawa na unakosa milele.

Mtoto akaona maelezo ni marefu, akatoka nje kucheza mpira. Nikabaki na dada.

Nikasema, "Dada, zile hela za maji. Mwaka ule. Hazikuanguka mchangani."

Alikuwa anakata uzi kwa meno. Akamaliza kwanza. "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuja kukutafuta. Nikakuona kwenye tundu la shuka. Umesimama juu ya benchi unapiga kelele."

Nilihisi baridi ya Newala ikiniingia mgongoni. "Sasa mbona hukuniita?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Nikuite vipi? Sisi wasichana tulikuwa tunaingia mle? Ningeingia, jioni bibi angeshaambiwa nimeonekana kwenye banda la wahuni. Nikasema bondeni ni karibu, nateremka mara moja narudi."

"Na baadaye? Mbona hukusema?"

"Ningesema ungepigwa. Halafu? Mkono ungenyooka?"

Akarudi kwenye cherehani.

Wadau, mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika posti nyingine kabisa. Nilikuwa na kichwa cha habari tayari, kuhusu "sisi watoto wa zama zile" na raha zetu ambazo watoto wa simu hawatazijua. Sasa nikajaribu kukumbuka sura za bandani, moja moja, benchi la kwanza, benchi la pili, waliokaa chini. Hakuna msichana hata mmoja. Miaka yote nimesema "sisi" na sikuwahi kuhesabu. Mimi, niliyehesabu kaseti! Wasichana walikuwa wapi saa zile? Walikuwa bondeni na ndoo, au njiani wakipanda. Raha yetu ilikuwa na mtu nje ya shuka anayeilipia.

Nikatoa mfukoni mia tano, siku hizi ni sarafu, nikaiweka mezani kwake. Akaichukua, akaigeuza. "Na riba je?" Kisha akaitumbukiza kwenye kopo la vifungo na tukacheka wote wawili, yeye zaidi.

Usiku, baada ya kula, akasema, "Haya, hebu nione na mimi hicho kilichokuwa kinakupandisha juu ya benchi."

Bunduki ilikataa lakini Contra haihitaji bunduki ile. Nikabonyeza ile siri, juu juu chini chini, vidole havikusahau. Maisha 30 kila mtu. Nikampa suruali nyekundu. Pedi aliishika chini kabisa, mapajani, kwa sababu ya ule mkono. Msituni alikufa mara kumi na moja. Alikuwa anaruka kila alipotakiwa kulala na analala kila alipotakiwa kuruka, na kila akifa anamlaumu mwanawe aliyekuwa nyuma yetu akishauri. Hatua ya pili alikufa hadi nikaacha kuhesabu. Lakini alikuwa anajifunza. Mkono wa cherehani una kumbukumbu yake.

Tukafika kwenye maporomoko. Mimi njia ile naijua, ningeipanda nikiwa nimefumba macho. Nikaruka jiwe la kwanza, la pili, na kioo kikaanza kupanda. Yeye alikuwa bado chini kabisa anatafuta kitufe cha kurukia. Jiwe moja zaidi na angemezwa.

Nikasimama. Mawe yanaanguka kutoka juu, adui anafyatua, mwanawe anapiga kelele, "Mjomba panda! Panda!" Sikupanda. Nilikufa palepale mara tatu, nikimsubiri.

"Mbona umesimama?" akaniuliza, macho kwenye kioo.

"Nakusubiri."

Hakusema kitu. Akaruka, akakosa, akatumbukia. Yakawa yamekwisha, thelathini yote. Kijana wake akamnong'oneza, kwa sababu nilishamfundisha mchana: "Mama, bonyeza hapo, chukua la mjomba."

"Naweza kuchukua lake?"

"Chukua," nikasema.

Akabonyeza. Akachukua moja, akafa. Akachukua jingine. Alinila maisha tisa kabla hatujafika juu, na tulipofika akasimama. Nyumba nzima ilimsikia.

Nimeiacha deki kwao. Juzi kijana kanipigia simu kunishtaki: mama yake anacheza hadi saa sita usiku, sare za watu zimechelewa, na siku hizi akimaliza maisha yake anachukua ya mwanawe bila hata kuuliza. Nikamwambia amwache kwanza. Ana haki zake.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.